Fundo Nililokufungia Msituni

Bonifasi, ndugu yangu,

Nimekushinda. Alhamisi nimekimbia njia yetu yote ya msituni, kutoka Bugarama juu mpaka kwenye jiwe la kijito, mbio moja, bila kupumzika, bila kunywa maji. Nilipofika nikakaa juu ya jiwe, mguu mmoja juu ya mwingine kama padri anayengoja kuletewa kuku, na hakuna mtu aliyenipita. Waambie hao wazee unaokaa nao huko: Gasipari wa Jabe, mwenye miaka sitini na kitu na meno manne, amefika wa kwanza.

Haya, ni uongo. Najua hata hukungoja nimalize. Nilikimbia umbali wa kutoka mlango wa kanisa mpaka kwa yule mama muuza maandazi, kisha kifua kikaanza kulia kama baiskeli isiyotiwa mafuta, nikatembea. Nilikaa chini mara tatu. Mara ya tatu nililala, nikaamshwa na nzi. Na kuhusu kwamba hakuna aliyenipita, hiyo ni kweli, lakini nani angenipita? Mtu aliyekuwa na kazi ya kunipita ni we, na nimekuzika mwenyewe, nikashika kamba ya jeneza upande wa miguu.

Tulibeba barua za watu miaka kumi na moja, we na mi, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwetu. Hii ndiyo ya kwanza. Usicheke mwandiko. Mapadri walinivumilia shuleni kwao miaka mitatu tu, kisha wakaona divai ya misa inapungua.

Kwanza habari. Ulipoondoka tulikuwa na mwami kwenye kiti chake cha ufalme. Wiki chache baadaye redio ikapiga muziki wa jeshi kutwa nzima, na tulipoenda kulala hatukuwa naye tena. Sasa ni jamhuri. Kule kwenye baa yetu picha ya mwami imeteremshwa, na kwa sababu ukuta ulibaki na mraba mweupe mahali pake, mwenye baa ametundika kalenda yenye ng'ombe wa Ulaya. Tunakunywa tukimwangalia ng'ombe. Hakuna anayesema lolote, maana siku hizi mtu anatazama kwanza nani amekaa meza ya nyuma. Hata mi nimejifunza kunyamaza, na we unajua hiyo ni kazi gani kwangu. Sisi watu wa ng'ambo ya ziwa tunaulizwa karte za utambulisho asubuhi na jioni, tangu vita vya kwetu Uvira vilete watu huku na magodoro vichwani. Jabe imejaa. Nusu ya chumba changu nimempa mama mmoja wa Fizi na kuku wake. Mama analala upande wake, kuku wanalala upande wangu.

Mkeo Yozefina mzima. Apana, si mzima. Anakula, anaenda misa, anauza mkaa wake pale pale Cibitoke. Lakini kila mgeni akiingia kutoa pole, tangu siku ya mazishi mpaka juzi, anamweleza habari moja, kwa maneno yale yale, kama anayesoma sala: "Jioni ile nilifua triko yake ya sufu. Nikasema itakauka. Haikukauka. Asubuhi akapanda mlimani na shati tupu, baridi ikamwingia. Mi mwenyewe nimemuua mume wangu. Nimemuua na sabuni."

Wageni wanamjibu ni mipango ya Mungu. Na mi, Boni, mi ninayekaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, mwaka mzima, nasema nini? Nasema, "Shemeji, acha hayo, ni mipango ya Mungu." Kisha napokea chai. Mungu wa watu nimemsingizia mwaka mzima, na sukari nikaongeza.

Mwezi uliopita ndugu zako walishuka kutoka kilimani kwenu, wakapanga siku ya kuganduka: Jumamosi. Kwetu ng'ambo tunalia, tunanyoa, tunamaliza. Ninyi mnangoja mwaka, ndipo mnakitoa kilio nje ya nyumba kwa pombe ya mtama, mnagawa nguo za marehemu, na kila mwenye neno naye analisema mbele ya mtungi. Likishasemwa limesemwa. Lisiposemwa siku hiyo, hakuna ruhusa ya kulifukua tena. Kaka yako mkubwa akanishika bega: "Gasipari, rafiki ni we. Utasema wa mwisho."

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala, na si kwa sababu ya kuku. Nilijiambia, kabla ya kufungua mdomo Jumamosi, nipande kwanza nikalifungue fundo. Fundo gani? Ngoja. Hata ukiwa umekufa, ngoja, mi ndiye ninayeandika.

Nilipanda kamyo ya kabichi, lile lori linalopanda tupu asubuhi na kushuka limejaa alasiri, kama tulivyokuwa tukipanda mwaka hadi mwaka. Nilivaa kaputula yangu ya uplantoni, ile ya kaki ya kutumwa huku na huku ofisini, ambayo sasa inashikwa na kamba. Nyuma ya kamyo walikuwepo wamama watatu na mwanamume mmoja mwenye jembe jipya. Yule mwanamume akaniuliza naenda kulima wapi. Nikamwambia naenda kukimbia. Akauliza nani ananifukuza. Nikamwambia hakuna. Akasogeza jembe lake upande wa pili.

Unakumbuka walivyokuwa wakituuliza hivyo hivyo, na we ukawa unawajibu, "Tunafukuza miaka, ilipita hapa juzi." Mi sikuwa na jibu zuri hivyo. Wawili wakikimbia, watu wanacheka. Mmoja akikimbia peke yake, watu wanatafuta alichoiba.

Bugarama sasa kuna baryeri. Gogo limelazwa barabarani, askari wanne, na kapurali mmoja mwenye shingo fupi aliyekuwa anakula hindi la kuchoma. Akachukua karte yangu, akaisoma pande zote mbili, halafu akanitazama miguu.

"We mzee, umezaliwa ng'ambo."

"Ndiyo, sefu. Lakini nimekaa huku tangu tumbo langu likiwa jembamba."

"Na unaenda msituni kufanya nini?"

"Kukimbia."

"Unakimbia nini?"

"Nakimbia tu, sefu."

Akaacha kutafuna. "Mutu hakimbii tu."

Boni, hapo niliogopa. Siku hizi msitu una masikio. Wanasema kuna watu wanapita mle na bunduki, wanasema kuna watu wanapelekwa mle na hawarudi, na mi nimesimama pale na kaputula, mtu wa ng'ambo, nasema nakimbia tu. Nikamweleza kwamba zamani tulikuwa wabeba barua wa biro ya serikali, we na mi, na njia ya barua ilipita mle msituni, na kila mwaka siku moja tulirudi kuikimbia ili miguu isisahau, na mwenzangu amekufa. Nilisema haraka haraka, bila mzaha hata mmoja. Ungenionea huruma.

Kapurali akasema, "Basi kimbia hapa, nione."

Nikakimbia. Nilizunguka lile gogo mara mbili, mkono mmoja umeshika kamba ya kaputula. Wamama wa kabichi wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Mumuache mzee wa watu. Huyo hata kifo kitamkamata kikitembea." Askari wakacheka, kapurali akacheka, karte ikarudi. Lakini walinipekua, wakachukua kisu changu. "Mwenye kukimbia hahitaji kisu. Utakikuta hapa ukirudi." Sikumwambia kwamba kisu ndicho nilichokihitaji kuliko miguu.

Nikaingia msituni.

Mwaka huu mvua zimechelewa, njia ni kavu, na ule mteremko wa mianzi ambapo uliteleza ukakaa juu ya mfuko wa barua za biro, ukaniapisha nisiseme, sasa hauna tope hata kidogo. Mbega walikuwepo, wale wenye makoti ya kipadri, wamekaa juu wananiangalia kama nimechelewa kuungama. Nilipofika pale kwenye upara wa mlima nikasimama, na safari hii hapakuwa na ukungu. Nikaliona ziwa lote, refu, na nyuma yake milima ya kwetu, karibu sana, utadhani mtu akipiga mluzi Uvira utamsikia. Kule kuna moshi, Boni. Sikujua ni moshi wa shamba au wa nyumba. Nikageuka nikaendelea.

Sasa nitasema lile la fundo, maana nimezunguka vya kutosha.

We unajua tulivyofanya kazi, lakini acha niliandike, liwepo kwenye karatasi. Safari zote zile mi nilikuwa mbele na we nyuma. Mi na mkuki na kengele, we na mfuko mzito. Kazi yangu ilikuwa kusoma njia. Nikifika penye panda, nachukua majani ya upande huu na ya upande ule, nayafunga fundo katikati ya njia isiyofaa. Maana yake: hii imefungwa, pita ile nyingine. We ulikuja nyuma umeinama chini ya mfuko, huoni mbele, unaona miguu yako na mafundo yangu tu. Miaka kumi na moja hukuniuliza hata siku moja kama nina hakika. Ukungu, mvua, giza la asubuhi, unaona fundo, unageuka. Ndivyo tulivyokaa hai.

Na baadaye, tulipozeeka tukapewa viti vya uplantoni vya kubeba chai ya wakubwa, tukaanza ule upuuzi wetu wa kila mwaka. Mi natangulia, nafunga mafundo kama zamani. We unasali kumi moja ya rozari, halafu unanifuata. Na kila mwaka, kabla ya kijito, nasikia miguu nyuma, pa pa pa, kisha kofi kwenye kisogo, na sauti yako: "Tembea, babu." Umeshapita. Nikifika kwenye jiwe jeusi umeshakaa, umeshaosha uso, umeshamenya ndizi. Kila mwaka. Sijawahi hata mara moja kukaa juu ya lile jiwe likiwa kavu, lisiwe limeloweshwa na matako yako.

Mwaka jana nikataka mara moja tu. Mara moja, Boni. Nilitaka nikae mi, nimenye ndizi mi, na we ufike unatweta, nikuambie, "Tembea, babu." Nililiandaa neno hilo tangu kwenye kamyo.

Pale kwenye panda ya mti uliopigwa na radi, njia ya kweli ni ya kushoto. Ya kulia zamani ilizunguka kidogo tu na kurudi kwenye ya kushoto chini kabisa. Nilihesabu itakula robo saa yako, basi. Nikalifunga fundo kwenye ya kushoto, kisha nikapita mwenyewe chini yake, nikacheka. Majani ya pale yalikuwa mafupi, hayafungiki, kwa hiyo nikapinda miche miwili ya miti, mmoja wa huku, mmoja wa kule, laini kama mikia ya panya, nikaifunga vizuri. Nilifunga vizuri kuliko mafundo yote niliyowahi kukufungia kwa haki.

Sikujua kwamba mlima umeporomoka mvua zilizotangulia, na ile njia ya kulia hairudi tena popote. Utasema mi nilijua? Sikujua. Naapa, ingawa kiapo changu unajua bei yake.

Nilikaa kwenye jiwe. Lilikuwa kavu. Nikamenya ndizi yangu, nikala, nikamenya yako. Ukungu ukashuka, kisha mvua. Nikakuita mara mbili, si kwa nguvu, maana sikutaka kuharibu mchezo. Nikajiambia umelitambua fundo, umekasirika, umerudi barabarani. Nikapanda barabarani, hukuwepo. Dereva wa kabichi akapiga honi. Nikajiambia umeshuka na kamyo nyingine kunikomesha, uko Cibitoke unakunywa chai unanicheka. Nilijiambia mengi, na yote yaliniruhusu kupanda kamyo. Nikapanda.

Wachoma mkaa walikuokota kesho yake asubuhi. Wiki mbili ulikohoa. Siku nilipokuja kitandani ukanishika mkono, sauti imebaki nyembamba kama uzi, ukasema maneno ambayo mwaka mzima nayasikia hata nikiwa nakojoa: "Gasipari, nilikuita usiku kucha. Nilidhani umeanguka mbele yangu, umevunja mguu. Ndiyo maana sikurudi."

Ulikuwa unanitafuta. Njia imekwisha, mlima umekatika, mvua, shati tupu, na we hukugeuka, kwa sababu fundo lilikuambia Gasipari amepita huku.

Na mi nikajibu nini? Nilikuwa na nafasi. Yozefina alikuwa jikoni, tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Na mi nilipotea, Boni. Hata mi nilipotea." Ukatabasamu. Ukasema, "Afadhali. Afadhali tumepotea wote wawili." Siku tatu baadaye ulikufa ukiwa umefurahi kwamba sikuvunjika mguu.

Hapo nimeacha kuandika, nimeenda kufukuza kuku. Nimerudi.

Alhamisi, basi, nilifika kwenye ule mti wa radi. Karibu na kufika nilianza kudhani sitakuta kitu. Nilidhani nitasimama pale, nitasema mawili matatu hewani, nitavunja kijani chochote kwa heshima, nitashuka. Boni, fundo lipo. Limeota. Ile miche haikufa, imenenepa, kila mmoja unene wa kidole gumba, na pale penye fundo gome limemeza gome, imekuwa mti mmoja umejipinda kama watu wawili wanaopigana. Wapita njia wanainama wanapita chini yake, nimeona nyayo. Na matawi yamechipuka juu, kijani, mazuri. Uongo wangu una afya kuliko mi.

Nikalivuta. Halikusogea. Nikatafuta kisu, nikakumbuka kiko na kapurali. Sasa utacheka, na uko na haki: nikaliuma. Nikapiga magoti mle msituni, mzee mzima, nikang'ang'ana na mti kwa meno manne. Uchungu wake siwezi kukuelezea. Mbega mmoja akaja chini kuangalia. Jino moja lilitikisika, nikaacha, maana nikibaki na matatu hata ugali utanishinda. Nikaenda kijitoni nikachukua jiwe lenye makali, nikarudi, nikakaa kulikata kidogo kidogo, kama mwanamke anayetwanga kisamvu. Sijui muda gani. Mikono ilitoka damu. Nililia pia, lakini hilo usiliweke sana moyoni, jasho na machozi vilikuwa vinapita njia moja. Mwisho nikalikalia kwa uzito wangu wote, likakatika, nikaanguka chali, nikabaki nimelala naangalia juu.

Nikasema kwa sauti, "Iko wazi."

Halafu nikashika njia ya kulia. Nilienda mpaka pale mlima ulipokatika. Sitakuambia pakoje, unapajua. Nikasimama pale mchana kweupe, jua linawaka, na bado nilisikia baridi. Nikakuita. Niliita kwa nguvu safari hii. Jina lako lilienda upande wa pili wa korongo likarudi. Kwa hiyo najua kwamba ulivyokuwa ukiita, jina lililokuwa linakurudia ni langu, na pengine ulidhani ni mi ninayeitikia.

Nikarudi kwenye panda, nikafunga ile njia. Nilitumia majani, na mawe chini yake, na tawi kubwa juu. Kisha kwenye jiwe, nikakaa kidogo. Lilikuwa kavu. Sikuwa na hamu ya ndizi. Kapurali alinirudishia kisu changu, alishamenya viazi nacho, akaniuliza, "Umekimbia?" Nikasema, "Ndiyo, sefu." Uongo mwingine, mdogo.

Jumamosi watu walijaa uwanjani kwa Yozefina mpaka barabarani. Mtungi katikati, mirija imesimama ndani yake, wazee wamezunguka. Mama mmoja alisema ulimponya ng'ombe wake. Jirani alisema ulikuwa na mzaha lakini hukuwa na kinyongo. Kaka yako akaanza kugawa nguo: veste, lile koti lako la misa, kwa mwanao mkubwa, viatu kwa binamu ambaye havimtoshi na hatakubali kusema. Ilipofika triko, Yozefina akaikumbatia kifuani. Akasema tena lile neno la sabuni, mbele ya watu wote, akasema hii haigawiwi, ataichoma moto mwenyewe.

Kaka yako akanitazama. Zamu yangu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, Boni, yenye vichekesho viwili. Nikasimama, vikapotea. Nikasema, "Shemeji, hata angevaa triko tatu. Mi ndiye niliyefunga njia ya kweli. Nilitaka kumshinda mbio." Nikaeleza yote, fundo, jiwe, ndizi, kamyo. Nikaeleza na yale ya kitandani. Nilipofika kwenye "na mi nilipotea", nikakaa chini bila ruhusa.

Hakuna mtu aliyenyonya mrija. Mwanao mkubwa alisimama, kaka yako akamshika mkono. Yozefina akaja mpaka mbele yangu. Akanitazama, na nilijua kwamba mwaka mzima hakuwa ameniangalia usoni, wala mi sikuwa nimempa uso wa kuangalia. Nilitaka anipige. Mi ni mtu wa kupigwa, nikipigwa najua la kufanya.

Akainama kwenye mtungi, akachomoa mrija wangu, akauweka chini kwenye vumbi. Kisha akanitupia triko mapajani.

"Vaa," akasema. "Imekauka."

Aliingia ndani, na nikasikia analia, lakini kilio kingine, Boni, si kile cha mwaka mzima. Kile cha mwaka mzima kilikuwa cha mtu anayeomba msamaha. Hiki kilikuwa cha mjane tu. Niliondoka. Hakuna aliyenisindikiza mpaka njiani, na hiyo ni haki yao. Leo ni siku ya nne, nimepita Cibitoke mara mbili, mlango umefungwa. Nitapita tena. Chai yake sitaidai.

Triko nimeivaa. Ninaandika nimeivaa. Unajua Jabe saa nane za mchana, bati linachemka, mama wa Fizi ananiuliza kama nina homa. Jasho linaanguka kwenye karatasi, ukiona maneno yamevimba ni hilo. Inanibana kwapani, we ulikuwa mwembamba. Sitaivua mpaka nimalize.

Basi. Nakuaga, ndugu yangu, na safari hii nakuaga nikiwa nyuma, si mbele. Kila mwaka, siku ile, miguu ikikubali na baryeri ikikubali, nitapanda na kamyo ya kabichi. Sitakimbia. Nitatembea mpaka kwenye mti wa radi, nitakata kilichoota upande wa kushoto, nitafunga upya upande wa kulia, na hapo kwenye ukingo nitaita jina lako mara moja ili la kwangu lisibaki peke yake mle korongoni. Nikishindwa kupanda, nitamtafuta mwenye miguu nimweleze, hata ikibidi nimweleze na sababu.

Na wewe kuna kitu kimoja kidogo unanidai, apana, mi ndiye nakudai, usinichanganye. Miaka kumi na moja nilikufungia mafundo kwa haki, kila panda, mvua na jua. Moja tu nililifunga vibaya. Yale mengine hujanilipa hata moja, maana kwenye panda hukuwahi kutangulia. Sasa umetangulia. Huko ulikopita sikujui, na naambiwa njia ni nyingi, na macho yangu hayaoni vizuri tena. Ukifika penye panda, simama kidogo, chukua majani ya huku na ya kule, unifungie. Mi nitaliona fundo, nitageuka, sitauliza.

Rafiki yako,
Gasipari, Jabe